Nimestaafu, nataka gari la kulala safarini: ninunue lipi?

*Swali: Nimestaafu mwezi Juni baada ya miaka 34 serikalini, na mkupuo wangu umeshaingia. Nina miaka 60, mke wangu 58, tunakaa Kimara. Ndoto yangu ya siku nyingi ni kuzunguka nchi hii taratibu, miezi mitatu hivi kila mwaka: Lushoto, Iringa, Njombe, Mbeya, kusini hadi Mtwara, tukilala ndani ya gari letu wenyewe. Kijana wetu aliyeko Uingereza ametuma picha za motohomu iliyotumika, ina kitanda, jiko, choo na bafu, ni ya dizeli na usukani uko kulia. Rafiki yangu mmoja anasema ninunue Coaster nimpe fundi aigeuze. Mwingine anasema bila Land Cruiser sifiki popote, niweke hema la kulala juu ya keria. Nimetenga milioni 70 kwa kila kitu. Mke wangu anatumia insulini, na goti lake moja lina shida. Nataka pia kiyoyozi, maana joto hatuliwezi. Lipi ni sahihi?*

Shikamoo kaka, na hongera kwa kumaliza utumishi salama. Nina karakana Tabata, na kwa miaka zaidi ya 20 kazi yangu imekuwa kugeuza magari: Hiace ya mizigo inakuwa ya wagonjwa, ya abiria inakuwa ya kubebea maiti, na siku hizi, mara moja moja, inaletwa ya mtu kama wewe anayetaka kulala humo. Nitakujibu kama fundi ambaye magari haya humrudia baada ya safari. Yakiwa yanaondoka, yote yanapendeza.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Unauliza gari lipi, lakini naona kinachokunyima usingizi ni kwamba mkupuo huja mara moja, na ukiuzamisha kwenye bati hakuna mshahara wa mwezi ujao wa kufidia. Hofu hiyo ina msingi, wala sitajaribu kukuondolea. Ninachotaka kukuondolea ni namna ulivyolipanga swali. Umeanza na gari. Mimi ningeanza na usiku.

Hebu piga hesabu. Safari ya siku 90 ina saa 2,160. Mkienda taratibu kama unavyosema, mkikaa siku tatu nne kila kituo, hamtazidi saa 200 barabarani. Saa zote zinazobaki gari limesimama, nanyi mko ndani yake au pembeni yake. Kwa hiyo kitanda, ngazi ya mlango, upepo wa usiku na safari ya chooni saa tisa alfajiri vina uzito kuliko nguvu za injini. Ila ndani ya hizo saa 200 kuna saa moja ambayo kitu kitakatika, na siku hiyo hutakuwa Kimara, utakuwa Nangurukuru au Makambako. Ndiyo maana kila anayekuja kwangu humuuliza mambo mawili kabla hatujafungua boneti: mwenzako atapandaje kitandani, na fundi wa Nangurukuru ataipata wapi spea?

Tuanze na ile ya kijana wetu. Kuhusu usukani yuko sawa, Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi. Kosa, ambalo ni la wengi, ni kudhani kwamba kwa kuwa gari limejengwa kiwandani Ulaya kwa ajili ya kulala, basi ni imara kuliko la fundi wa Tabata. Ni imara kwa barabara za huko. Sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Ulaya yamejengwa juu ya Fiat Ducato, gari zuri kwao, lakini linavutwa na magurudumu ya mbele. Nyumba yote iko nyuma. Ukipanda mlima wenye utelezi, uzito unarudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na magurudumu yanayopaswa kuvuta yanazunguka bure. Halafu lina mkia mrefu, yaani sehemu inayoning'inia nyuma ya ekseli, na mkia wenyewe uko chini. Unajua kila kijiji cha njia ya Morogoro kina matuta yake na rasta zake. Mkia huo utayasalimia yote, moja baada ya jingine.

Kuta zake nazo zina siri. Nje ni bamba jembamba la alumini au plastiki, katikati povu, ndani plaiwudi, na mara nyingi kuna fito za mbao zinazoshikilia vyote. Viungo vimezibwa kwa gundi. Gundi ikizeeka maji hupenya, mbao huoza taratibu mahali ambapo jicho halifiki, na hewa yetu ya pwani haisaidii kuzikausha. Kwenye picha huwezi kuona hilo. Huonekana ukibonyeza ukuta chini ya dirisha na kwenye pembe za dari, ukute unabonyea kama chapati ya jana. Mtoto akiwa huko na nafasi ya kwenda kubonyeza, sawa. Kununua kwa picha, hapana.

Bado mafuta. Dizeli ya Afrika Mashariki tangu 2015 inaruhusiwa kuwa na salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Injini mpya za Ulaya za kiwango cha Euro 6 zimeundwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 10, zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na nyingi hudai maji ya AdBlue, ya kusafishia moshi, kwenye tangi la pembeni. Chujio likiziba ukiwa Tunduru, sijui nani atakusaidia. Utasema basi ninunue la zamani lisilo na mambo hayo. La zamani ndilo linalokutana na ushuru wa uchakavu, unaoanza gari likifikisha miaka 8. Huo unakuja juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote. Nauli ya meli nayo kwa magari huhesabiwa kwa ujazo, na gari-nyumba ni sanduku refu lililojaa hewa. Utalipia hewa hiyo kutoka Uingereza hadi bandari ya Dar. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni, hivyo kabla ya kutuma hata shilingi, mpe wakala wa forodha karatasi za gari akupigie hesabu kwa maandishi. Nadhani ukiiona hesabu hiyo hutahitaji maneno yangu zaidi.

Rafiki wa Land Cruiser namheshimu. Mkonga, ile Land Cruiser ya kazi, wenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila tabo wala kompyuta, ni gari ambalo mafundi wa Arusha hulifungua wakiwa wamefumba macho. Kama ungeniambia mnataka kushuka kreta ya Ngorongoro au kuingia Serengeti wakati wa masika, ningesema hakuna jingine. Lakini safari uliyoandika ni Lushoto, Iringa, Njombe, Mbeya, Mtwara, na njia kuu za kwenda huko kote ni lami. Na mkonga mzima, usio na kona kona, utaimeza milioni 70 yote kabla hujanunua godoro.

Hayo ya pesa tuyaache. Sababu inayonifanya nikatae hema la juu ni ngazi. Shemeji ana goti bovu na anatumia insulini. Mtu wa insulini anaweza kushukiwa na sukari usiku: anatetemeka, jasho linamtoka, kizunguzungu, na anahitaji kitu kitamu haraka. Sasa mfikirie akiwa mita mbili juu ya ardhi, gizani, anatafuta kijingazi kwa mguu unaouma. Hema la juu ni la vijana. Siku mtakayotaka kuona tembo, liacheni gari lenu langoni, mkodi la watu wa utalii kwa siku moja. Ni nafuu kuliko kumiliki mkonga miaka kumi kwa ajili ya siku hizo chache.

Coaster ni nyumba kweli. Unasimama wima ndani, jiko linakaa, choo kinakaa na kajipazia kake, na mvua ikinyesha siku mbili hamgombani. Mimi mwenyewe nikistaafu na kuamua kukaa mwezi mzima Pangani, ningeichukua. Kwa mzunguko wako naiona kubwa. Ile ndefu inakaribia mita 7, inakunywa, na uzito wake unapita kilo 3,500, kwa hiyo mizani ya Vigwaza na ya Mikese itakuhusu kama inavyowahusu wenye malori. Leseni yako ya gari dogo huenda isikuruhusu, hilo waulize polisi wa usalama barabarani kabla ya kununua. Na kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za kona. Coaster zinapanda kila siku, najua, lakini dereva wake ana miaka 28 na kona zile anazijua kwa majina. Wewe utakuwa unajifunza gari refu ukiwa na miaka 60, korongo likiwa upande wa shemeji.

Nimebaki na Hiace, na ndiyo ninayokushauri. Sisi wa Dar tunaifahamu tangu enzi za vipanya. Gari lililobeba watu 18 kutoka Tandika miaka kumi, siku saba kwa wiki, halihitaji mimi nilitolee ushahidi, na spea zake zipo Shaurimoyo, zipo Mbeya, zipo hata dukani kwa Mpemba kijijini. Inavutwa na magurudumu ya nyuma, ambako ndiko uzito wako utakaa.

Zipo za bodi tofauti. Ile nyembamba ina urefu wa mita 4.7 hivi na upana wa 1.7. Ile pana na ndefu ya paa la juu ina mita 5.38 kwa 1.88, na kimo cha karibu mita 2.3. Ukiiweza, chukua pana. Lakini usije ukadhani upana huo ni wa kulalia kwa kukingama: ukishatoa unene wa milango na mbao za ndani, mtu mzima miguu inagonga. Kitanda kikae kwa urefu wa gari, na kimo chake kiwe sawa na nyuma ya goti la shemeji akiwa amesimama, ili akae kwanza ndipo ageuke na kulala. Pima goti lake, usipime langu. Mlango wa pembeni uwekewe kidaraja cha kukunja na mshikio imara, si ule wa kamba.

Kasoro zake nazo uzisikie. Hutasimama wima ndani. Kupika mtapika nje, chini ya mlango wa nyuma au turubai, jambo ambalo kwetu si geni. Mvua kubwa ikiwakuta, mtakaa vitandani mkitazamana. Wako watu waliouza gari baada ya masika moja tu, kwa sababu hiyo.

Kwenye injini nitasema imani yangu, wengine watabisha. Dizeli ya 5L haina tabo, inapanda Kitonga kama mzee anayekwenda msikitini, lakini inapanda, na ikiharibika kila fundi anaigusa. Ya 1KD ina nguvu na inabana mafuta, ila nozeli zake ni ghali na hazipendi dizeli ya madumu. Ya petroli ya 2TR, lita 2.7, ni tulivu na haina makuu, inakula tu. Kwa kilomita mtakazokwenda kwa mwaka, mimi ningechukua 5L nzima nikiipata, na nikiikosa ningechukua petroli.

Epuka Hiace iliyokuwa daladala, hata ikipigwa rangi ikang'aa. Sakafu imeshaliwa na viatu na maji ya mvua, na milango imefungwa kwa nguvu mara elfu. Usistaafu na gari lililostaafu kabla yako. Namba nyeupe zikibadilishwa kuwa za njano historia haifutiki, kwa hiyo waombe TRA wakuonyeshe usajili wake wa nyuma. Ipo pia njia moja ambayo rafiki zako hawakuitaja: Wajapani wanatengeneza Hiace za kulala tayari, usukani kulia, mlango wa pembeni upande wa kushoto, spea zilezile. Ukiipata ni bahati. Ila umeme wake wa ndani ni wa volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka kwenye soketi ya gesti bila kubadilisha mfumo, utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Sasa kiyoyozi. Hapa ndipo wateja wangu wengi hununa, lakini ni hesabu tu. Betri mbili za kawaida za risasi, kila moja ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa), zina jumla ya wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo zako ni 1,200. Kiyoyozi kidogo kinakula kama wati 1,000 kikifanya kazi. Saa moja na dakika chache, kimya. Betri za lithiamu zinakuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, lakini bei yake ni nyingine, na bado hazifiki asubuhi. Kiyoyozi cha usiku kucha kinataka umeme wa Tanesco au jenereta, na ukiwasha jenereta saa sita usiku kambini utachukiwa hadi na ndege.

Wati-saa hizo 1,200 uwape wanaostahili. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 inakula kama wati 45 ikiwa inazunguka, na kwenye joto la Lindi itazunguka nusu ya siku: wati-saa 540 hivi. Feni ya dari ya wati 25 kwa saa nane ni 200. Taa na simu weka 100. Jumla 840. Paneli ya jua ya wati 200 kwa jua letu la saa tano nzuri, ukitoa upotevu, inarudisha kama 750, na pengo linazibwa na altaneta mkiwa mnatembea, ilimradi fundi aweke kifaa cha kuchajia betri za pili kutoka kwa altaneta, asiunge tu waya. Masika mawingu yakikaa wiki nzima hesabu hiyo inavurugika, na mtalazimika kuchomeka umeme mahali. Friji za gesi zinazowekwa kwenye magari ya Ulaya usizitamani. Zinataka gari likae sawa kabisa, na joto likipita nyuzi 32 hivi zinaanza kushindwa.

Nimesisitiza friji kwa sababu ya shemeji. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa nyingi huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne, lakini gari lililoegeshwa juani Mtwara si chumba, ni oveni. Isigande pia, hivyo isiegemee ukuta wa ndani wa friji. Weka kipimajoto humo, na kabla ya safari ya kwanza nendeni kwa daktari wake mkiwa wote wawili: muulize dozi mkibadilisha saa za kula, akiba ya kubeba, na nini cha kufanya friji ikifa. Mimi ni fundi wa magari, hapo naishia.

Na joto? Pangeni safari kwa kufuata joto lenyewe. Kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa nyuzi 6 hivi. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Iringa 1,600, Njombe inakaribia 2,000, na huko mwezi wa saba mtatafuta blanketi la pili. Pwani na kusini nendeni Juni hadi Agosti upepo ukiwa mzuri, Januari na Februari pandeni milimani. Madirisha yawekwe wavu wa mbu wa kufunga vizuri pande zote mbili ili upepo upite. Feni ikivuta hewa juu na dirisha likiwa wazi chini, mtalala.

Uzito watu hawaufikirii. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 80 ni kama kubeba mtu mzima. Mteja wangu mmoja alikwenda Keko akachongewa kabati na kitanda cha mninga, kazi nzuri ajabu, ya kurithisha wajukuu. Tulipopima, Hiace imelala upande mmoja kama jahazi. Tulizitoa zote. Tumia plaiwudi nyepesi, mninga uache sebuleni. Tangi la maji likae chini, kati ya ekseli mbili, upande usio na jiko. Chochote kizito kikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma kinafanya kazi kama mzani: kinainua mbele, usukani unakuwa mwepesi, na ukishuka Kitonga breki za mbele, ambazo ndizo zinazotegemewa, hazishiki inavyopasa. Huko teremka kwa gia ndogo, breki uzipumzishe.

Mambo mawili ya hatari niyaseme bila kuzunguka. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata mara moja, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata Njombe kukiwa na baridi ya kukatisha masikio. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na Hiace iliyofungwa ni chumba kidogo mno. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu la hewa chini, linalotokea nje, na mtungi wa kilo 6 unatosha.

Choo: kile kidogo cha kubebeka, cha kumwaga. Hatuna vituo maalumu vya kumwagia kama Ulaya, kwa hiyo utamwaga kwenye choo cha gesti au cha shimo kwa ruhusa, na usitumie dawa kali zinazoua bakteria wa shimo la watu. Kwa goti la shemeji, choo hicho kikae palipo na mshikio.

Mkishabadilisha gari, nenda TRA ukaeleze, ili kadi ilingane na kilichomo ndani, kisha uwaambie watu wa bima kwa maandishi. Nimeona mtu akikataliwa fidia kwa sababu bima ilikatwa ya gari la abiria na kilichoungua kilikuwa chumba cha kulala. Kampuni siitaji, na kwa kweli haikuwa na kosa. Nafuu moja ni kwamba ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo miezi tisa likiwa limelala Kimara halikudai hiyo. Linadai tu uwashe, utembeze kidogo, na uangalie panya, wanapenda sana waya.

Kulala, laleni kambi zinazojulikana, kwenye misheni, au uani kwa gesti mkilipia kidogo. Mkilazimika kijijini, piga hodi kwa mwenyekiti kabla jua halijazama, mjieleze. Gari geni lililoegeshwa porini lina maswali mengi. La mgeni aliyejitambulisha litaletewa mahindi ya kuchoma.

Pesa zako nizigawe hivi: gari lenyewe, likiwa na namba na kila kodi, lisipite theluthi mbili ya milioni 70. Kama Hiace pana nzima inapita hapo, chukua nyembamba nzima, usichukue pana iliyochoka. Nusu ya kinachobaki ni ya kitanda, umeme na friji. Nusu nyingine usiiguse, ni ya matairi, bima kubwa na ile saa moja ya Nangurukuru.

Ila kabla ya yote hayo, kaka, jaribu. Azima Noah ya ndugu, toa viti vya kati, weka godoro, nendeni Bagamoyo usiku mmoja na Lushoto usiku mbili. Katika barua yako umeandika unachotaka wewe, anachosema kijana na wanachosema rafiki zako wawili. Shemeji nimemwona kwenye insulini na goti tu. Asubuhi ya tatu muulize yeye kwanza, na usimjibie.

Akisema twende, basi siku ya kukagua gari nenda asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini: ikiwa ya moto, kuna kitu amekificha. Liwashwe mbele yako, simama nyuma utazame moshi. Wa buluu ni oili inaungua, mweusi mzito ni mafuta mengi, mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni maji yanaingia pasipotakiwa. Soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, na likipita miaka sita hesabu kwamba unanunua mapya hata kama kashata zake zinaonekana nzima. Saa ya kilomita usiiamini, amini raba ya pedali ya breki. Kisha gari lipelekwe shimoni kwa fundi uliyemchagua na kumlipa wewe. Muuzaji akikataa hilo, panda mwendokasi urudi zako Kimara.